Dawati Bovu Lisilofutwa Daftarini Huzuia Jipya: Utaratibu wa Kuondosha Mali Chakavu za Shule

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Nyuma ya madarasa ya shule za umma katika uwanda wa kati, kuanzia Bahi na Chamwino hadi Kongwa na Mpwapwa, si ajabu kukuta rundo la madawati yaliyovunjika miguu, mbao zake zikiliwa na mchwa na vyuma vikishika kutu. Wazazi wanaopita huuliza kwa nini mwalimu mkuu asiyauze, au asiwape mafundi wa kijijini. Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba dawati hilo, hata likiwa limebaki fremu tupu, bado ni mali ya umma iliyoandikwa daftarini, na hakuna mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuliondosha.

Kuliacha hapo nako kuna gharama. Dawati la shule ya msingi hukusudiwa wanafunzi watatu. Shule yenye madawati 40 mabovu ambayo bado yanahesabiwa kuwa mazima huonekana kwenye takwimu kana kwamba imewakalisha wanafunzi 120, ilhali watoto hao wanakaa sakafuni. Kwa kuwa mahitaji ya samani hupimwa kwa kulinganisha idadi ya wanafunzi na vifaa vilivyopo, rundo lisilofutwa huiondoa shule kwenye orodha ya wenye upungufu.

Suala hili lina uzito zaidi sasa. Baada ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016, uandikishaji uliongezeka na Serikali ikaendesha kampeni ya madawati nchi nzima. Bunge nalo lilitoa Shilingi bilioni 6 kutokana na fedha lilizobana katika matumizi yake. Madawati ya wakati huo yametumika kwa takribani muongo mmoja, na mengi yamechoka.

Hatua ya kwanza huanzia shuleni. Mwalimu mkuu hukagua vifaa na kuvilinganisha na rejesta ya mali, kisha huwasilisha orodha ya vibovu na vya ziada mbele ya Kamati ya Shule, au Bodi ya Shule kwa sekondari. Muhtasari wa kikao hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Wataalamu hufika kuhakiki hali ya kila kifaa na thamani yake, na kibali cha kufuta hutolewa na mamlaka zinazotajwa katika sheria na miongozo ya fedha za Serikali za Mitaa. Uuzaji kwa zabuni huongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Mwalimu anayeuza kwanza na kuomba kibali baadaye hujiweka pabaya hata kama kila shilingi aliitumia kununua chaki.

Kuuza, hata hivyo, kusiwe wazo la kwanza. Fremu za madawati matatu mabovu zinaweza kutoa mawili mazima kwa fundi mwenye mashine ya kuchomelea. Kifaa kizima kisichohitajika, mathalani viti vya ziada, huhamishiwa shule nyingine ya umma kwa hati ya makabidhiano, na rejesta za shule zote mbili hurekebishwa siku hiyo hiyo. Kinachobaki ndicho huenda mnadani. Mnunuzi wa chuma chakavu anapaswa kuwa na kibali cha mazingira, na malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, kamwe si mkononi mwa mwalimu.

Kompyuta zilizokufa na kemikali za maabara zilizopitwa na wakati zina njia yake. Kompyuta ni taka za kielektroniki, hivyo hazitupwi jalalani. Kemikali hazimwagwi shimoni wala kuchomwa; shule huwasiliana na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo makao yake makuu yako Dodoma, ili ielekezwe namna ya kuziteketeza kwa usalama.

Jezi ndizo hudharauliwa kuliko vyote. Kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA timu hupata sare mpya, na zile za zamani hupotea bila maandishi yoyote, leo ziko stoo, kesho zimevaliwa na vijana wa mtaani. Jezi si mali ya kudumu kama dawati, lakini ilipokelewa kwa leja ya stoo na itoke kwa leja hiyo hiyo. Zilizo nzima zinafaa mazoezi ya madarasa ya chini, au kupewa shule jirani isiyo na jezi kabisa. Kabla hazijatoka nje ya shule, nembo na jina viondolewe, hasa kwa kuwa malalamiko ya wachezaji mamluki si mageni katika michezo ya shule. Zilizochanika zikatwe matambara ya usafi. Nyingi ni za nyuzi za plastiki, na moshi wake hauwafai watoto walio darasani hatua chache kutoka kwenye shimo la taka.

Mzazi anayeona rundo nyuma ya darasa anaweza kuuliza kwenye mkutano wa wazazi mambo mawili: orodha ya vifaa hivyo ilijadiliwa katika kikao cha tarehe gani, na ilipokelewa lini Halmashauri. Majibu yote mawili yanapaswa kuwa katika jalada la shule.