Salamu za Maganda ya Mgomba

Mwaka unapokaribia kwisha, mvua zikiwa zimekwisha anza na vilima vilivyo juu ya Bujumbura vikiwa vimerudia rangi ya kijani, nyumba nyingi za askari huwa na hesabu moja: nani atakuwapo nyumbani siku ya Noeli na ya Mwaka Mpya, na nani atakuwa zamu. Katika nyumba za Waislamu wa Buyenzi hesabu hiyo hiyo hufanywa Idi inapokaribia. Kazi ya ulinzi haina sikukuu. Baba yuko mpakani, au mama aliye polisi yuko kituoni mkoa mwingine, na watoto wanauliza watampelekea nini.

Simu ya mkononi hutoa jibu la haraka. Sauti husikika dakika chache, kisha hukatika. Na maneno yaliyoandikwa ndani yake hupotea siku simu inapoibiwa au inapotumbukia majini. Kadi haihitaji umeme. Askari huweza kuitia katika mfuko wa shati au kati ya kurasa za kitabu cha sala, akaitazama tena usiku anapotoka lindoni. Ndiyo sababu kazi ya kutengeneza kadi nyumbani, ambayo wengine huiona kuwa mchezo wa watoto tu, yastahili kupewa nafasi katika saa za mapumziko za jamaa nzima.

KADI ILITOKA WAPI

Kadi za Noeli zilizochapishwa zilianza kwa sababu ya mtu mmoja kukosa nafasi. Mwaka 1843, mjini London, mtumishi wa serikali aitwaye Henry Cole alikuwa na barua nyingi za rafiki zake zilizongojea majibu, na siku hazikumtosha. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja ya jamaa wakiwa mezani. Picha ikachapishwa, naye akabaki na kazi ndogo tu ya kuandika jina la mpelekewa na jina lake mwenyewe. Zilizosalia ziliuzwa shilingi moja kila kadi, bei ambayo kwa mfanyakazi wa kawaida wa siku zile haikuwa ndogo.

Kadi ya mkono ina asili nyingine. Mwaka 1949 shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia watoto, UNICEF, lilitoa kadi yake ya kwanza kutokana na picha ya msichana wa miaka 7 wa Chekoslovakia, Jitka Samkova, aliyetaka kushukuru kwa msaada uliokifikia kijiji chake baada ya vita. Karatasi hazikuwapo, kwa hiyo akachora juu ya kipande cha kioo. Jirani na Burundi, mjini Kigali, mwaka 2004 lilianzishwa shirika la Cards from Africa, ambalo liliwapa kazi vijana waliofiwa na wazazi na kubaki na mzigo wa kulea wadogo zao. Walitengeneza kadi kwa karatasi zilizotupwa maofisini, zilizorowekwa, zikasagwa na kukaushwa upya. Mtoto yule wa kioo na vijana hawa wa karatasi zilizotupwa walianza na kile kilichokuwa karibu nao.

VIFAA

Kwa mkazi wa Burundi, kilicho karibu ni mgomba. Maganda ya shina lake yanapokauka hupata rangi nyingi bila kutiwa dawa yoyote: la nje huwa kahawia iliyokolea, la ndani hukaribia rangi ya asali au ya maziwa, na lile lililonyeshewa mvua huwa na madoa yafaayo kuwa mawingu, mawe au ngozi ya ng'ombe. Yafaa kuyakusanya wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, yakiwa yamejikaukia yenyewe mgombani. Ganda lililochumwa bichi hujikunja na kuota ukungu.

Vitu vingine ni karatasi ngumu, penseli, rula, mkasi, wembe, na gundi. Asiye na gundi ya dukani huweza kuipika: vijiko viwili vya unga wa muhogo hukorogwa katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha hutiwa motoni na kukorogwa bila kuachwa hadi mchanganyiko uwe mzito na kung'aa. Gundi hiyo itumiwe ikiwa imepoa, na isizidi siku mbili, maana huchacha.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza, ganda lipanguswe vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Liwekwe kati ya magazeti mawili na kupigwa pasi ya moto wa wastani. Pasi ile ile inayonyoosha sare hutosha. Asiye na pasi aliweke chini ya godoro usiku kucha.

Pili, karatasi ngumu yenye urefu wa milimita 297 na upana wa milimita 210, ambayo ndiyo ya kawaida maofisini, ikatwe katikati ipatikane miwili sawa. Kila nusu ikunjwe mara moja. Hapo hupatikana kadi mbili za milimita 148 kwa 105, zinazoingia vizuri katika bahasha ndogo ya barua.

Tatu, picha ichorwe kwanza kwenye karatasi laini, ikatwe, halafu ilazwe juu ya ganda iwe kiolezo. Watoto wachore na kuchagua rangi. Wembe ushikwe na mtu mzima. Kwa anayeanza, hakuna picha iliyo rahisi kama ngoma ya Burundi, ambayo mchezo wake uliandikishwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa wanadamu wote. Vipande vinne vyatosha: mwili uliopanuka juu na kupungua kuelekea chini, kipande chembamba cheupe cha ngozi, na vijiti viwili vya kupigia. Vitone vyeusi pembeni huwa mambo za mti zinazoishikilia ngozi. Mkono ukizoea, huweza kujaribiwa mtumbwi wa mvuvi wa Tanganyika au ng'ombe wa pembe ndefu.

Nne, gundi ipakwe nyembamba, kuanzia katikati kwenda kingoni. Ikizidi, karatasi hukunjamana. Kadi ifunikwe kwa karatasi safi na kuwekwa chini ya vitabu vizito mpaka kesho yake. Mwenye haraka, anayeianika juani, huikuta imepinda kama kigae.

MANENO YA NDANI

Sehemu hii huwashinda wengi. Maneno ya kunakili, yanayomfaa kila mtu, hayamwambii askari habari za kwake. Afadhali mistari mitatu ya kweli: kwamba mbuzi amezaa, kwamba Bibi amepona mguu, kwamba aliyekuwa akishindwa kusoma sasa anawasomea wadogo zake. Mwaka uandikwe daima, kwani baada ya muda hakuna atakayekumbuka.

Yako pia mambo yasiyoandikwa. Jina la kambi, idadi ya watu waliopo na siku ya kuondoka au kurudi visiwekwe kwenye kadi wala juu ya bahasha, kwa sababu bahasha hupita mikono mingi. Njia iliyo salama ni kumkabidhi mwenzake anayerudi kazini kutoka likizo.

Desturi hii ina uzito wake kwa jamaa za Burundi. Askari wa kwanza wa nchi hii waliwasili Mogadishu mwezi wa Desemba 2007 katika jeshi la Umoja wa Afrika, na katika miaka iliyofuata maelfu wengine walipokezana huko, kila kundi likikaa mbali na nyumbani kwa muda mrefu. Wako waliorudi wakapokewa kwa shangwe. Wako ambao hawakurudi. Kwa mjane na watoto wake, karatasi yenye mwandiko wa mkono wa marehemu si kitu kidogo. Huhifadhiwa pamoja na cheti cha ndoa na picha za harusi. Basi kadi zisiende upande mmoja tu. Aliye kazini naye, katika saa za kungoja ambazo kila askari anazijua, anaweza kukata, kubandika na kuandika.

Kwa mtoto asiyejua kuandika bado, iko njia moja iliyo nyepesi. Mama humwekea kiganja chake ndani ya kadi, akakizungushia penseli, akaandika chini yake jina na mwaka. Baba huipokea na kuitunza. Siku ya kurudi, begi likiwa bado mlangoni, huitoa kadi na kumwita mtoto auweke mkono wake juu ya ule mchoro. Vidole huwa vimekwisha uvuka mstari.