Kiu ya Sigara Hupanda, Kisha Hushuka

Nilivuta sigara miaka yote ya ujana wangu nikipakia jasi hapa Itigi. Lori likishajaa, vumbi jeupe limetuganda hadi kwenye kope, cha kwanza kutafutwa kilikuwa kiberiti. Sasa sivuti, na vijana ninaofanya nao kazi huniuliza arosto, ile kiu ya sigara, niliishindaje. Huwaambia waanze kwa kuijua.

Ukivuta moshi, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20 hivi. Huko hufungulia dopamini, kemikali inayomfanya mtu ajisikie vizuri. Muda wa saa 2 ukipita, nusu ya nikotini imeshatoka kwenye damu, na ubongo uliozoea unaanza kuidai. Mtu anakuwa mkali, mikono haitulii, kazi haiendi. Akiwasha nyingine anatulia, anadhani sigara imemwondolea mawazo, kumbe imemtulizia adha iliyoachwa na sigara iliyotangulia.

Kiu nyingine hutokana na mazoea. Mimi ilinijia nikimaliza kupakia, nikinywa chai kwa mama ntilie, na treni ikichelewa stesheni. Ubongo umeshayafunga mambo hayo pamoja na moshi, ndiyo maana hata aliyeacha kitambo huweza kushtukizwa na kiu. Basi chai nikahamishia nyumbani, wakati wa mapumziko nikakaa mbali na wavutaji, na mfukoni nikaweka karanga.

Lililonisaidia kuliko yote ni kujua kwamba kiu hupanda, ikafika kilele, ikashuka, mara nyingi ndani ya dakika chache, uvute usivute. Kunywa maji, vuta pumzi ndefu, inuka utembee, piga soga na asiyevuta. Siku 3 za mwanzo baada ya kuacha huwa ngumu zaidi: usingizi unakatika, hasira ziko karibu. Ndani ya wiki 2 hadi 4 dalili nyingi hupungua. Usikimbilie ugoro; nao una nikotini. Anayezidiwa aende hospitali aulizie bandiko au jojo za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009.

Nanyi mnaoishi na anayeacha sigara, akifoka wiki ile ya kwanza msimwambie bora arudie sigara zake. Neno hilo linaweza kumrudisha dukani jioni hiyohiyo. Mvumilieni, mpeni chakula, mwacheni apite kwenye kilele. Hasira zile zitaisha, na yeye atabaki na mapafu yake.