Ngoma Ikikushika, Ifikishe Mwisho

Ngoma haipigangi hodi. Unashuka nganya pale Odeon, soo yako ilishaenda na kange, mawazo yote iko kwa mboka, halafu unashtukia kuna kipande cha korasi kinazunguka kwa kichwa. Sekunde kumi hivi. Kinaisha, kinaanza. Hukukiitisha, na pengine hiyo ngoma hata haikubambi, lakini itavuka na wewe Tom Mboya, ikae na wewe mchana wote, na usiku ukizima taa kejani ndio inapandisha volyumu.

Mi nadai hii kitu tuipee heshima. Wasee huiongelea kama kisirani tu, lakini ukiicheki fiti inakuonyesha venye kichwa hufanya kazi, venye ngoma za mtaa hutengenezwa, na venye siku hizi tunaziskiza vibaya: nusu nusu, bila kuzifikisha mwisho.

Kichwa yako iko sawa

Kama ulidhani uko na ngori, tulia. Kule Finland, mtafiti Lassi Liikkanen aliuliza zaidi ya watu 12,000, na karibu 90 kwa kila 100 wakasema hii kitu huwapata angalau mara moja kwa wiki. Wenye huishi na muziki ndio hushikwa zaidi. Kwa hivyo kama uko kwaya, au unapika biti kwa kompyuta usiku kucha, jua hiyo ni sehemu ya mboka.

Na ujue hiyo sauti unaiskia kweli. Mwaka wa 2005, David Kraemer na wenzake wa Dartmouth kule Marekani waliwachezea watu ngoma huku wakiwapima ubongo. Katikati ya ngoma walikuwa wanakata sauti kwa sekunde chache. Ikiwa ni ngoma ngeni, pale kimya kikiingia hakukuwa na mengi. Ikiwa ni ngoma wanaijua, sehemu ya ubongo yenye hushughulika na kuskia iliendelea kuchapa kazi, na wenyewe wakasema waliiskia ikiendelea. Manze, hebu ifikirie hiyo: spika imezima, na kichwa kimechukua maiki.

Kenye hufanya inase

Kelly Jakubowski na timu yake kule Uingereza walikusanya majina ya ngoma za kunasa kutoka kwa watu 3,000, wakatoa majibu 2016. "Bad Romance" ya Lady Gaga ndio ilitajwa sana. Walipozipanga kando ya ngoma zingine zenye zilifanya poa kwa chati lakini hakuna mtu alizitaja, wakaona tabia tatu. Ya kwanza ni mwendo: hizi hukimbia kiasi. Ya pili ni njia ya sauti: inapanda, halafu inashuka, rahisi kama ile "Twinkle Twinkle" kila mtoi wa nasari hushika haraka. Ya tatu ni kona: kuna mruko fulani, au noti inarudiwa mara nyingi kuliko ulivyotarajia. Urahisi ndio unaifungulia mlango, na hiyo kona ndio inaifanya ikae.

Sasa leta hiyo hadi huku Eastlando. Mwanzo wa miaka ya 2000, genge ya Calif Records na kapuka ya Ogopa Deejays zilisimama juu ya biti chache, korasi fupi, na maneno yenye hata msee hajui kuimba anaweza kuyasema na akaskika poa. 2018 Ethic wakatoka Umoja na "Lamba Lolo". Mwaka uliofuata Sailors wakaachilia "Wamlambez", na gengetone ikachukua mji. Nguvu ya hizo ngoma iko kwa swali na jibu: mmoja anarusha, umati unarudisha. Ukiskia upande wa kwanza pekee, mdomo unajibu kabla hata ufikirie. Mafundi wa hii kitu walikuwa hapa kabla ya studio yoyote. Harusi za ocha, nyimbo za kulima, kanisani Jumapili, kote kuna mtu wa kutoa na watu wa kupokea. Hawa mayut walichukua mali ya cucu zetu wakaiwekea bezi.

Arbantone nayo ilikuja na janja yake. Inachukua biti za kitambo, inaziweka sauti mpya. Ngoma inatoka leo na kichwa tayari inaijua, juu nusu yake uliiskia ukiwa primo.

Jiji la nusu nusu

Cheki venye tunaskiza. Nganya ya Rongai inapiga miksi, na dijei akiona korasi imeshawasha watu anaikata, anaingiza ingine. Ukitoka Rongai hadi tao umeskia ngoma lundo na pengine hakuna hata moja imeisha. Kejani unashika simu, TikTok inakupea kipande kimoja kikijirudia hadi uslaidi. Kuna wasee wanajua korasi ya ngoma neno kwa neno na hawajawahi skia ubeti wa pili. Hata hawajui uko.

Mwaka wa 1927, mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha majaribio alifanyia Berlin: watu walikumbuka kazi zenye walikatizwa katikati kuliko zile walimaliza. Watafiti hawajakubaliana kama hiyo ndio inaeleza ngoma za kunasa, na sitakudanganya ati kesi imeisha. Lakini mi nikicheki hili jiji, naona ukweli ndani yake. Kile kipande kinazunguka kwa kichwa huwa ni kile unakijua, na kinageuka pale ujuzi wako unaishia. Unafika mwisho wa korasi, mbele hakuna njia, unarudi mwanzo. Na tena. Na tena. Ukilishwa vipande siku nzima, kichwa itapika na vipande.

Ikishika mtaa mzima

Halafu kuna ile siku kipande kimoja kiko kwa vichwa vya watu wote. Hapo ndio utajua hii si story ndogo. 2002, Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable", jina wameliunda kutoka kwa neno la Dholuo la kutisha mtu. Ilikuwa ngoma ya wasee wawili wakijipa moyo kwa maisha magumu. Siasa ikaichukua, mikutano ya NARC ikaiimba, na Desemba ya mwaka huo KANU ikatoka kwa kiti baada ya karibu miaka 40. Ngoma haikupiga kura, lakini watu wenye hawakuwa wanajuana walikuwa na neno moja la kusema kwa sauti moja.

Juni 2024 tuliona tena. Mayut walijaa tao kupinga Mswada wa Fedha, na "Anguka Nayo" ya Wadagliz ikawa kwa midomo kote. Hakuna mtu alikuwa ameitisha mazoezi. Hakuna mtu aligawa karatasi za maneno. Kila msee alikuja nayo kwa kichwa, imeshakaa huko wiki kadhaa, na mtu mmoja akiianzisha barabara nzima iliingia. Watu wenye wameshikwa na korasi moja tayari ni kwaya, wanangoja tu wa kuanzisha.

Ikikunyima usingizi

Sasa, kuna usiku unataka tu kulala. Dawa ziko. Nunua chingamu: 2015, Phil Beaman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reading walipata wenye wanatafuna baada ya kuskia ngoma waliiwaza kidogo kuliko wenye hawatafuni. Ukiimba kimoyomoyo unatumia mitambo ileile ya kuongea, na ukiipea mdomo kazi unaipokonya ngoma vifaa.

Ama tafuta kitu ya kushika akili. Ira Hyman na wenzake wa Western Washington walionyesha 2013 kuwa kazi ikiwa rahisi sana kichwa huzurura na ngoma inarudi, na ikiwa ngumu sana pia kichwa huchoka, inazurura. Ya katikati ndio poa. Kufua nguo haitakusaidia. Fumbo la maneno, ama kitabu yenye imekubamba, hiyo inaweza.

Lakini ya tatu ndio mi husimama nayo: iskize yote. Victoria Williamson na wenzake waliwauliza watu wa Uingereza na Finland venye hufanya, wakapata kuna njia mbili kubwa, kuitoroka ama kuiendea. Wenye huiendea huitafuta ngoma wakaicheza hadi mwisho. Mi naona hiyo ndio heshima. Yule mtoi wa Dandora ama Kayole mwenye aliiimba alikaa studio ya kukodi kwa saa, akaandika beti tatu, akatafuta mtu wa biti, akalipa na doh ya kuokota mos mos. Kile kipande kilikunasa ni mlango tu, na yeye alijenga nyumba.

Kwa hivyo kesho ikikushika, iitafute. Icheze kwa akaunti ya msanii mwenyewe, ndio hesabu iende kwake. Jua nani alipika biti, jua nani aliimba, wataje ukiwa na mbogi. Na kama we ndio dijei wa nganya, manze, chagua hata moja kwa safari uiache ifike mwisho. Korasi hutengenezwa ituite. Kenye msanii alitaka kutuambia mara nyingi amekiweka kwa ubeti wa pili, na kama mashabiki wake tuko na deni ya kuuskia.