Marseille, Mji wa Ufuta na Mbata

Meli za kitalii zinazozunguka Bahari ya Kati hufika Marseille asubuhi na mapema na kuondoka jioni ya siku hiyohiyo. Abiria wengi hupakiwa kwenye mabasi mara tu wanaposhuka, wakapelekwa Aix-en-Provence, kilomita kama 30 kaskazini, au Avignon, kilomita zipatazo 100, kuona kasri walimoishi mapapa katika karne ya 14. Ni miji mizuri, sina neno nayo. Lakini kwa mtu wa pwani yetu, aliyekua akiona ufuta unaanikwa na nazi zinabanikwa ziwe mbata, kuipita Marseille hivihivi ni hasara. Mji huu umenenepa kwa shehena za ng'ambo, na sehemu ya shehena hizo ilitoka kwetu.

Kwanza mambo ya usafiri. Gati la meli za kitalii liko upande wa kaskazini, ndani ya bandari kuu, kilomita kadhaa kutoka mjini, na njia yake ni ya malori na makontena. Hapatembeleki kwa miguu. Yapo mabasi ya abiria wa meli, na teksi hupanga foleni nje ya lango. Panda basi la mwanzo. La mwisho hujaa, na meli haimngojei mtu.

Barabara ya kwenda mjini hupita La Joliette, ambako bandari ilihamia katikati ya karne ya 19 baada ya ile ya zamani kuelemewa na meli za moshi. Maghala marefu ya enzi hiyo bado yamesimama, sasa yakiwa maduka na ofisi. Kwenye gati za mji huu ndipo Sembène Ousmane wa Senegal alipofanya kazi ya upagazi baada ya Vita Kuu ya Pili, kabla hajawa mwandishi na mtengeneza filamu anayejulikana Afrika nzima. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir ya 1956, ilitoka katika maisha hayo. Ni vyema kulijua jina hilo kabla ya kufika kwenye mikahawa, maana Marseille ya wapagazi ndiyo iliyoizaa Marseille ya watalii.

Bandari ya zamani, Vieux-Port, ni ghuba nyembamba iliyoingia ndani ya mji, na midomoni mwake zipo ngome mbili zilizojengwa wakati wa Louis wa 14: Saint-Jean upande mmoja, Saint-Nicolas upande wa pili. Mfalme yule hakuwaamini watu wa Marseille, na ngome zake zilikuwa za kuwatisha wao kama zilivyokuwa za kumtisha adui wa baharini. Hapa ndipo Wagiriki kutoka Phokaia, mji wa pwani ya nchi tunayoiita leo Uturuki, waliposhuka mnamo mwaka 600 kabla ya Kristo. Wenyeji wanasimulia kwamba siku hiyo mfalme wa nchi alikuwa anamwoza binti yake Gyptis. Desturi ilikuwa binti ampe kikombe mwanamume anayemtaka, na Gyptis akawapita vijana wote wa kwao, akampa kikombe baharia mgeni aitwaye Protis. Iwe kweli au hekaya, kwa watu wa Lamu na Kilwa, wenye masimulizi yao ya wageni wa baharini waliooa binti za wenyeji, kisa hiki si kigeni. Mawe ya bandari ya Wagiriki yalifukuliwa 1967, wakati wa kuchimba msingi wa jengo la maduka, na leo yako wazi kwenye bustani nyuma ya jengo hilo, mwendo wa dakika chache kutoka majini.

Asubuhi, upande wa ndani kabisa wa ghuba, huwa na soko la samaki. Usidhani ni soko kubwa kama la Feri, Dar es Salaam. Ni meza chache tu zilizopangwa ukingoni mwa gati, na juu yake masinia yenye maji, samaki wengine bado wanapiga mikia. Utamwona mkunga, pweza, ngisi, na samaki mmoja mwekundu wa miambani, kichwa kikubwa, miba mgongoni, uso wa kutisha. Huyo Wafaransa humwita rascasse, na bila yeye hakuna bouillabaisse, mchuzi uliobeba jina la mji huu. Zamani ulikuwa chakula cha wavuvi, waliochemsha samaki wa miba wasionunulika pamoja na zafarani, vitunguu saumu na nyanya. Leo ni chakula cha fedha nyingi. Mwaka 1980 baadhi ya wenye mikahawa walitia saini mkataba wa kulinda upishi wake: samaki wasipungue aina nne, mchuzi uje na mkate mkavu uliopakwa rojo la pilipili na vitunguu saumu, na samaki wakatwe mbele ya mlaji. Ukikuta bouillabaisse ya bei ya chee ukingoni mwa bandari, jua si yenyewe. Mwenye mfuko mwepesi na atafute panisse, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa kwa mafuta mengi. Vinashibisha na ni vitamu vikiliwa vya moto.

Kivuko kidogo huvusha watu kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine, kazi iliyoanza mwaka 1880. Ukivuka kuelekea upande wa ukumbi wa mji, tazama majengo yaliyo nyuma ya gati. Yanafanana, yote ni ya baada ya vita, na ipo sababu. Januari 1943 Wajerumani, wakisaidiwa na polisi wa Ufaransa, waliuzingira mtaa huu, wakawatoa watu wapatao 20,000 majumbani mwao, kisha wakaulipua kwa baruti nyumba kwa nyumba. Waliona vichochoro vyake ni maficho ya wapinzani. Mamia ya Wayahudi waliokamatwa siku hizo waliishia Sobibor. Ukumbi wa mji na nyumba chache za kale ndivyo vilivyosalia. Watalii wengi hupita hapa wakipiga picha za mashua bila kujua wanakanyaga nini.

Juu yake kimebaki kipande cha mji wa kale, Le Panier, chenye vichochoro vya kupanda na kushuka, nguo zimeanikwa madirishani, na jengo la La Vieille Charité lililochorwa na Pierre Puget katika karne ya 17 ili kuwafungia maskini na ombaomba. Sasa ni makumbusho. Ua wake ni mtulivu na una kivuli kizuri. Kutoka hapo ni karibu kwenda MuCEM, jumba la makumbusho ya ustaarabu wa Bahari ya Kati lililofunguliwa 2013. Msanifu wake, Rudy Ricciotti, amelivika saruji iliyotobolewa kama nyavu ya uvuvi, na jua likipenya humo, sakafu yote hujaa vivuli vinavyotembea. Daraja jembamba la watu wa miguu hupita juu ya maji kutoka paa lake hadi ngome ya Saint-Jean. Mwenye saa chache na alichague hili kuliko makumbusho mengine yote, hata asipoingia ndani: kupita darajani hakulipiwi.

Kila mgeni huambiwa apande Notre-Dame de la Garde, kanisa lililo juu ya kilima chenye urefu wa mita 150 hivi, na hapa nakubaliana na kila mtu. Basi namba 60 hupanda kutoka bandarini. Kanisa lilitabarukiwa 1864, na juu ya mnara wake imesimama sanamu ya Bikira Maria iliyopakwa dhahabu, mita 11 na zaidi, inayoonekana kutoka mbali baharini. Watu wa Marseille, hata wasio Wakristo, humwita Mama Mwema. Ndani, inua macho: kutoka darini zimening'inizwa meli ndogo za kuchonga, zenye matanga na zenye mabomba ya moshi, zilizoletwa na mabaharia walionusurika au na jamaa zao. Kutani kuna vibao vya marumaru vya shukrani, kimoja baada ya kingine hadi huoni ukuta. Hakuna mahali pengine mjini panapoeleza vizuri zaidi jinsi watu hawa walivyoihofu bahari iliyowalisha. Nje, baadhi ya mawe bado yana makovu ya risasi ya Agosti 1944, wakati askari wa Algeria na Morocco, wakipigana chini ya bendera ya Ufaransa, walipoukomboa mji huu.

Bahari ilileta na msiba. Mei 1720 meli ya Grand-Saint-Antoine ilifika kutoka pwani ya Shamu ikiwa na vitambaa na tauni. Wenye mali walitaka vitambaa viwahi gulio la Beaucaire, karantini ikalegezwa, na karibu nusu ya watu wa mji wakafa.

Sasa sabuni. Sabuni ya Marseille husifiwa kwa mafuta ya zeituni, na kweli amri ya mfalme ya 1688 ilikataza mafuta mengine. Lakini viwanda vilipokua katika karne ya 19, zeituni hazikutosha. Wafanyabiashara wa Marseille wakatafuta mbegu za mafuta kila pembe ya bahari: karanga Senegal, mawese Afrika Magharibi, na ufuta kwetu. Mwaka 1844 Ufaransa ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, na makampuni ya Marseille, kama ya akina Rabaud na akina Vidal, yakaweka mawakala Unguja. Ufuta wa mashamba ya mrima, kutoka upande wa Lamu hadi kusini, ukawa unazunguka Rasi ya Tumaini Jema kwenda kukamuliwa huku. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869 safari ikafupika, na mbata za Unguja na Pemba nazo zikapata mnunuzi wa kudumu. Nenda dukani uangalie miche ya sabuni iliyopangwa: ya kijani ni ya zeituni, nyeupe ni ya mawese na mbata. Zote hupigwa muhuri wa asilimia 72, kiasi cha mafuta. Viwanda vya asili vimebaki vichache, na jina halilindwi na sheria, kwa hiyo sabuni nyingi zenye jina hili hutengenezwa nchi nyingine kabisa. Uliza imepikwa wapi kabla hujatoa pesa. Mimi nilinunua nyeupe. Wakulima waliozipasua nazi zile na kuzikausha hawatajwi kwenye kibao chochote nilichokiona mjini, na inaniuma.

Njia zilizochukua mbata ndizo zilizoleta watu. Meli za kampuni ya Messageries Maritimes zilipita Mombasa, Unguja, Komoro na Madagaska, na Wangazija waliajiriwa humo, wengi kwenye moto wa mitambo chini kabisa ya meli. Baadhi walibaki Marseille, wakaita ndugu, na leo Wakomoro wa mji huu ni makumi ya maelfu. Soprano, mwanamuziki wa rapu anayejaza viwanja Ufaransa nzima, ni mtoto wao, aliyezaliwa hapa 1979. Ndege ya Yemenia ilipoanguka baharini karibu na Ngazija tarehe 30 Juni 2009, ikaua watu 152, matanga yaliwekwa mitaa mingi ya Marseille.

Ukitaka kuwaona watu wa Afrika wa mji huu, nenda Noailles, mtaa wa soko nyuma ya barabara kuu ya La Canebière, mwendo wa dakika tano kutoka bandarini. Kuna mihogo, bamia, ndizi mbichi, mabucha ya halali, viungo kwenye magunia yaliyofunguliwa midomo. Nje ya duka moja alikaa mzee mwenye kofia ya kitaru. Nilimsalimu shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema kwa Kiswahili cha Unguja kisicho na doa. "Watoka wapi?" Alikuwa amekulia Malindi, mjini Unguja, kabla ya mapinduzi. Aliuliza kama soko la samaki bado liko palepale.

Mtaa huo una jeraha lake. Tarehe 5 Novemba 2018, kwenye rue d'Aubagne, nyumba kuukuu zilianguka asubuhi na kuua watu 8. Majirani walikuwa wamelalamikia nyufa. Tangu hapo majengo mengi yamefungwa na maelfu ya watu wamehamishwa, na hasira ya wakazi imeandikwa kutani kila upande.

Kama saa zinaruhusu, boti hutoka bandari ya zamani kwenda Château d'If, kisiwa cha gereza ambacho mwandishi Alexandre Dumas alikipa umaarufu kwa riwaya yake ya 1844. Zikivuma pepo za mistral kutoka kaskazini, boti hazitoki, na jambo la kufanya ni kukaa mkahawani.

Ukirudi gatini, panda sitaha ya juu utazame milima ya kaskazini. Ile mitaa ya maghorofa marefu inayotazamana na meli ndiyo wanakoishi Wakomoro wengi, na moshi wa meli huelekea kwao. Meli ya kitalii huendesha mitambo yake hata ikiwa imefungwa gatini, ili taa na viyoyozi visizimike. Mwaka 2022 meya wa mji alianzisha ombi la saini za wananchi, akitaka meli zinazochafua zaidi zizuiwe siku ambazo hewa ni mbaya. Bandari imeanza kuweka umeme wa nchi kavu, na tangu Mei 2025 meli za Bahari ya Kati zinatakiwa kutumia mafuta yenye salfa kidogo sana. Anayekata tiketi ana haki ya kuiuliza kampuni yake kama meli yake huchomeka umeme ikifika Marseille, na aulize kabla hajalipa.