Dhahabu ya Tabora: kwa nini mizani ya sonara haitoshi

Sarafu ya kale ya dhahabu inapopelekwa kwa sonara, swali la kwanza huwa uzito. Huwekwa kwenye mizani, hutajwa bei ya gramu, na mara nyingi huishia kuyeyushwa. Kwa sarafu nyingi hasara si kubwa. Lakini aliyerithi sarafu ya rupia 15 iliyochapwa Tabora mwaka 1916, akaiuza kwa namna hiyo, huwa ametoa bure sehemu kubwa ya mali yake.

Sarafu hiyo ni zao la vita. Manowari za Uingereza zilikuwa zimelizingira koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na fedha kutoka Ulaya zikaadimika. Ndipo karakana ya reli mjini Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja una tai wa dola ya Ujerumani. Wa pili una tembo aliyeinua mkonga, mlima nyuma yake, mwaka, na herufi T ya Tabora. Zilichapwa 16,198 tu. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Ubelgiji yaliuteka mji.

Uhaba hautokani na umri

Paundi ya dhahabu ya enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza ni kongwe zaidi, na ina dhahabu safi gramu 7.3, ilhali ya Tabora ina gramu 5.4 hivi. Hata hivyo paundi hizo zilichapwa kwa mamilioni, na nyingi huuzwa kwa bei inayokaribiana na ya dhahabu iliyomo. Ya Tabora hupata minadani mara kadhaa ya thamani ya dhahabu yake.

Nayo ina aina mbili. Katika upande wa tai, nakshi ya kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, au chini ya A ya kwanza. Za kwanza ni 9,803, za pili 6,395.

Adimu zaidi ni riali za dhahabu za Sultani Barghash wa Zanzibar, za mwaka 1882. Zile za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, za karne ya 14, zinazojulikana zinahesabika kwa vidole. Hizo za Kilwa hazifai kuchukuliwa kama bidhaa: sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863.

Hali ya sarafu

Wanunuzi wengi hufuata kipimo cha alama 1 hadi 70, kilichobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Kuanzia 60, sarafu huhesabiwa kuwa haijachakaa kwa matumizi. Mkaguzi hutazama kwanza sehemu zilizoinuka, kama ubavu wa tembo na kifua cha tai. Hapa Tabora huhitaji uangalifu: mitambo ilikuwa ya kubahatisha, hivyo mchoro hafifu huenda ulitoka hivyo kiwandani. Sehemu iliyosugulika hulainika na kubadili mng'ao. Iliyochapwa vibaya hubaki na ngozi yake ya asili.

Adui mkubwa ni usafi. Mwenye sarafu huisugua kwa majivu au dawa ya meno ili ing'ae, na mikwaruzo hiyo haiondoki tena. Tundu, au alama ya lehemu ukingoni pale ilipofanywa kidani, nayo hushusha bei sana.

Za bandia zipo nyingi. Halisi ina uzito wa gramu 7.17 na upana wa milimita 22 hivi. Ya shaba ya manjano iliyopakwa dhahabu, kwa ukubwa huohuo, hupungua karibu nusu ya uzito. Kipimo ni kilekile, iwe imeonyeshwa Kariakoo au Baiyun, wilaya ya Guangzhou nchini China wanakonunua bidhaa wafanyabiashara wengi wa Afrika. Uzito sahihi, hata hivyo, hauthibitishi kila kitu, kwani zipo nakala za dhahabu halisi.

Picha kali za pande zote mbili na za ukingo, pamoja na uzito, humwezesha mtaalamu wa mnada kutoa makadirio ya awali, sarafu ikiwa bado mikononi mwa mwenyewe.