Panya akifa, kiroboto huhama: kwa nini mtego pekee hautoshi

Kila msimu wa kuandaa mashamba unapowadia, wakulima wa Mulanda, wilayani Tororo mashariki mwa Uganda, hufyeka vichaka na kuchoma nyasi. Panya waliokuwa wakiishi humo hukimbilia penye chakula na kivuli: vihenge vya wimbi, mabanda ya mifugo na nyumba za watu. Hatua ya kwanza ya wengi ni kutafuta sumu au mtego. Ni hatua inayoeleweka, kwa kuwa panya hula jasho la mkulima. Hata hivyo, historia ya tauni katika Afrika Mashariki inafundisha kwamba kumuua panya bila kumshughulikia kiroboto kunaweza kuleta balaa kubwa kuliko la panya mwenyewe.

Mnyama mmoja, wageni wengi

Mnyama mdogo wa msituni, awe panya, kindi, kirukanjia au popo, ni nadra kuishi peke yake. Juu ya ngozi yake na ndani ya manyoya yake wamo chawa, utitiri, kupe na viroboto. Wataalamu huwaita vimelea vya nje, kwa kuwa hujipatia riziki bila kuingia ndani ya mwili. Kila kundi lina desturi yake, na desturi hiyo ndiyo inayoamua kama binadamu ana sababu ya kuwa na wasiwasi.

Chawa huzaliwa, hukua na hufa juu ya mnyama wa aina moja. Akitolewa hapo, hana maisha marefu. Ndiyo maana chawa wa panya si tishio kwa mwenye nyumba.

Kupe ana mwenendo tofauti: hupanda, hunyonya damu, kisha hushuka. Kuna kupe wa mbwa ambaye katika hatua za uchanga hunyonya panya wa porini, na akishakomaa humtafuta mbwa. Kwa hiyo mbwa anayezurura vichakani anaweza kurejea nyumbani na kupe aliyelelewa juu ya panya.

Popo nao wana inzi wao wa kipekee. Baadhi ya inzi hao hawana mabawa, na kwa miguu yao mirefu hufanana na buibui. Jike hatagi mayai, bali huzaa buu mmoja mmoja aliyekwisha kukua, kama afanyavyo mbung'o, ambaye ni jamaa yake. Tororo inamfahamu mbung'o vizuri, kwani katika karne iliyopita mji huo ulikuwa makao ya shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale, EATRO.

Kiroboto na nyumba zake mbili

Kati ya wote hao, kiroboto ndiye anayehitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Wengi hudhani kuwa yeye ni mkazi wa manyoya. Kwa kweli, sehemu kubwa ya maisha yake hupita katika kiota cha mnyama. Mayai hudondoka kutoka mwilini mwa panya, na mabuu hukua katika vumbi, wakila takataka pamoja na kinyesi cha viroboto wakubwa chenye damu iliyokauka. Baada ya hapo hujifunga ndani ya kifuko, ambamo kiroboto anaweza kusubiri kwa wiki kadhaa hadi ahisi joto au mtikisiko wa kiumbe anayepita.

Kwa hiyo, panya anayejenga kiota katika paa la nyasi au kwenye kona ya sakafu ya udongo huleta pia kitalu cha viroboto. Panya huyo akifa, mwili wake hupoa, na viroboto humwacha. Wasipompata panya mwingine karibu, humwendea kiumbe yeyote mwenye damu ya joto. Mara nyingi kiumbe huyo ni mtu aliyelala kwenye mkeka.

Iwapo panya alikufa kwa tauni, viroboto hao huwa wamebeba bakteria wa ugonjwa huo. Mwaka 1914, watafiti Arthur Bacot na Charles Martin walionyesha kwamba bakteria hao huongezeka hadi kuziba njia ya chakula ya kiroboto. Kiroboto huyo huwa na njaa isiyokwisha. Huuma tena na tena, lakini damu anayoivuta hushindwa kupita na kurudi katika jeraha ikiwa na bakteria.

Mafunzo ya zaidi ya karne moja

Tauni si ngeni katika eneo la Maziwa Makuu. Waganda waliijua kwa jina la kaumpuli, na karibu na mwaka 1898 daktari Mjerumani Robert Koch aliithibitisha huko Kiziba, katika eneo la Bukoba. Mwaka huohuo, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alifanya jaribio huko Karachi lililoonyesha kuwa kiroboto ndiye anayeuhamisha ugonjwa kutoka kwa panya mmoja hadi kwa mwingine. Simond alikuwa amebaini jambo la kushangaza: waliomshika panya aliyekufa punde waliugua, ilhali panya aliyekufa muda mrefu hakuwa na madhara makubwa. Viroboto walikuwa wamekwishamwacha.

Nchini Uganda, mtaalamu wa wadudu G.H.E. Hopkins alichapisha mwaka 1949 utafiti kuhusu panya, viroboto na tauni nchini humo. Miongoni mwa viroboto waliohusishwa na ugonjwa huo yumo anayeitwa kitaalamu Xenopsylla brasiliensis. Jina lake linatokana na Brazil, lakini asili yake ni Afrika, na hustawi katika nyumba zilizoezekwa kwa nyasi.

Katika miaka ya karibuni, tauni nchini Uganda imehusishwa zaidi na eneo la West Nile, hususan wilaya za Arua na Zombo, jirani na Ituri nchini Kongo. Mulanda haimo katika ukanda huo. Lakini viroboto wana zaidi ya tauni. Kiroboto wa panya anaweza kueneza homa ya tifasi. Aidha, ng'ambo ya mpaka, katika eneo la Asembo magharibi mwa Kenya, watafiti walikuta ndani ya viroboto bakteria ambao hawakuwa wamefahamika awali, jamaa wa wale wanaosababisha homa ya aina hiyo. Wakawapa jina la Asembo.

Nani auawe kwanza?

Kanuni inayofuatwa katika udhibiti wa tauni ni fupi: viroboto kwanza, panya baadaye. Dawa ya kuua wadudu huwekwa kwenye mashimo na njia za panya au hupuliziwa ndani ya nyumba, njia ambayo ilijaribiwa West Nile. Viroboto wakishapungua, ndipo mitego na sumu hutumika. Dawa hizo zina madhara zikitumiwa ovyo, hivyo ni vyema kufuata maelekezo ya maafisa wa afya.

Yapo pia mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Nafaka ihifadhiwe mbali na mahali pa kulala, katika vyombo vyenye mifuniko. Vichaka vifyekwe mapema kuzunguka nyumba, na kitanda kilichoinuliwa ni salama kuliko mkeka sakafuni. Panya aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu, na watoto wasiachwe kumchezea.

Dalili kubwa zaidi ya hatari ni panya wengi kufa kwa wakati mmoja pasipo mtu kuwatega. Hilo si jambo la kushangilia, bali ni taarifa ya kupelekwa haraka kwa mhudumu wa afya. Baada ya hapo, mtu akipatwa na homa kali ya ghafla pamoja na mitoki yenye maumivu kwenye kinena, kwapani au shingoni, asisubiri kupambazuke. Tauni hutibika kwa dawa za antibiotiki zinapoanzwa mapema. Bila matibabu, aina yake ya mitoki huua kati ya asilimia 30 na 60 ya wanaoipata.