Kpandroma na mila za mahali

Waandishi wengi wa mila za Ituri, mashariki mwa Kongo, hushika kabila moja, wakalimaliza, wakahamia jingine: Walendu ni wakulima, Wahema ni wafugaji, Waalur wana watawala wao wa kurithishana, Wando-Okebo ni wafua chuma. Kila sehemu ya maelezo hayo ina ukweli wake. Lakini mtu akiyabeba mpaka Kpandroma, mji mdogo wa nyanda za juu za Djugu, karibu kilomita 100 kaskazini mwa Bunia, atakuta hayamtoshi. Kpandroma ni senta iliyokua pamoja na soko lake, katika sekta ya Walendu Pitsi, na maisha yake hayaelezeki kwa kulitaja kabila moja na kuyafumbia macho mengine. Nashikilia kwamba mila za Kpandroma ni mila za mahali. Zimetokana na haja ya watu wenye mali tofauti kukutana, kukopeshana, kuoana na kuzikana, na anayezigawa kwa makabila anakiharibu kile kile anachotaka kukihifadhi.

Ushahidi wa karibu kabisa ni chakula. Vilima vya Kpandroma na Rethy vina baridi, na udongo wake unakubali viazi, kabichi, vitunguu na maharage. Mafuta ya mawese hayatoki huko. Hupandishwa kutoka mabonde yenye joto. Samaki hutoka Ziwa Albert, nyama na maziwa hutoka kwenye malisho ya wafugaji, na chumvi, sabuni na vitenge huingia kutoka Uganda kwa njia ya Mahagi, mara nyingi mikononi mwa wachuuzi Wanande. Zamani hali haikuwa tofauti sana. Kabla ya jembe la dukani, mkulima Mlendu alilima kwa jembe la Mndo-Okebo. Aidan Southall, aliyechapisha mwaka 1956 utafiti wake mkubwa juu ya Waalur, alieleza jinsi majirani wa Waalur, Walendu na Wando-Okebo wakiwamo, walivyowategemea watawala wa Kialur kwa mvua na kwa kuamua ugomvi, na jinsi wengine walivyoomba wenyewe mtoto wa mtawala aje akae kwao. Nao Wahema wa kaskazini, wale wanaoitwa Wagegere, wanazungumza Kilendu kama lugha yao ya nyumbani. Mfugaji aliyelea watoto wake katika lugha ya mkulima hakufanya hivyo kwa siku moja wala kwa kulazimishwa na serikali. Ni kazi ya vizazi vingi vya ujirani, na kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko hadithi yoyote ya asili ya kabila.

Atatokea wa kusema kwamba soko ni biashara tu, na biashara si mila. Watu hununua, hulipa, wakaenda zao. Pingamizi hilo lingesimama kama malipo yangekuwa ya papo kwa hapo daima. Lakini uchumi wa wakulima ni uchumi wa kungojea. Mbegu huchukuliwa leo, viazi hulipwa vikivunwa, na kinachomshika mdaiwa ni jina lake mbele ya watu wanaomjua. Kina mama huweka likelemba, mchango wa mzunguko, kila mmoja akipokea kwa zamu yake, na anayepokea kisha akakwepa zamu za wenzake hapati tena wa kumkopesha. Mahari huhesabiwa kwa mbuzi na ng'ombe, kwa hiyo mlimaji asiye na zizi analazimika kumwendea mwenye mifugo, na harusi ya watu wawili inakuwa deni na heshima ya familia nyingi. Kwenye matanga majirani huleta kuni, unga na fedha, na asiyefika huulizwa. Ugomvi ukizuka juu ya mpaka wa shamba au ng'ombe walioingia kwenye maharage, kesi hupitia kwanza kwa kapita, mkuu wa kijiji, na wazee kabla ya kufika kwa polisi. Hayo yote yana kanuni, yana aibu kwa anayevunja na sifa kwa anayetimiza. Sijui tuiite nini kama si mila.

Mgawanyo tunaouona leo kwenye ramani una historia yake. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na machimbo yakahitaji vibarua, wabeba mizigo na chakula. Watu wa nyanda hizi wakabebeshwa mzigo wa kuyalisha. Ili kuhesabu watu na kukusanya kodi, Wabelgiji wakaigawa Djugu katika maeneo yenye majina ya makabila: Walendu Pitsi, Walendu Djatsi, Walendu Tatsi, Bahema Nord, Bahema Banywagi, Bahema Badjere, Ndo-Okebo. Mashamba mazuri ya juu wakapewa walowezi wa kahawa na mifugo. Hata hivyo sheria ya Kongo ya mwaka 2008 inasema kwamba sekta kwa kawaida ni muungano wa jamii za kimila tofauti tofauti, ilhali sheferi ni ya jamii yenye mila moja. Walendu Pitsi ni sekta. Jina lake linataja kabila moja, hadhi yake kisheria inakiri kuwa wakazi ni mchanganyiko, na katika hilo naona sheria imeielewa Kpandroma vizuri kuliko wengi wanaoiandika.

Pingamizi zito kuliko yote ni vita, na si haki kulipita haraka. Mapigano ya Walendu na Wahema yaliyoanza Juni 1999 yalianzia hapo hapo Walendu Pitsi. Kufikia 2003 Umoja wa Mataifa ulikadiria waliokufa Ituri kuwa zaidi ya 50,000, na Kpandroma yenyewe ilikuwa ngome ya FNI, kundi la wapiganaji wa Kilendu. Tangu mwishoni mwa 2017 Djugu imeungua tena, safari hii kwa mikono ya wanamgambo wa CODECO, jina ambalo hapo mwanzo lilikuwa la ushirika wa wakulima. Mila za ujirani zilikuwa wapi? Zilishindwa, na majirani waliuana; lazima liandikwe hivyo. Lakini tuangalie zilishindwa na nini. Sheria ya ardhi ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, na mashamba ya walowezi yakaangukia mikononi mwa wenye elimu na njia ya kufika Kinshasa, wengi wao wakiwa Wahema. Mtu aliweza kupata hati ya ardhi inayokaliwa na wengine, akakaa kimya miaka miwili, kisha akaitoa wakati haipingiki tena. Ugomvi wa 1999 ulikuwa wa mashamba ya hati za namna hiyo, yaani konsesiyo, ukachochewa na maofisa wa jeshi la Uganda waliokuwa wakitawala eneo. Kapita anaweza kusuluhisha mpaka wa shamba kati ya watu wawili wanaojuana; hawezi kuifuta hati iliyotiwa muhuri mbali naye. Hilo haliwaondolei hatia walioshika mapanga, ila linaonyesha kwamba mila ilivunjwa pale ambapo haikupewa mamlaka.

Mamlaka hayo kwingine hutolewa na katiba yenyewe. Ujerumani, kijiji chenye watu mia chache kinaweza kuwa manispaa kamili yenye baraza lililochaguliwa, na ibara ya 28 ya katiba yao ya 1949 inakipa haki ya kuendesha mambo yake. Katiba ya Kongo ya 2006 nayo inaitambua sekta kuwa chombo kinachojitawala, lakini wananchi wa Walendu Pitsi hawajapata kuchagua madiwani wa sekta yao chini ya katiba hiyo. Baraza lenye mkulima, mfugaji, mwanamke wa sokoni na mchuuzi Mnande lingekuwa na kazi ya kwanza iliyo wazi: kudai hati za konsesiyo zifunguliwe moja baada ya nyingine, mbele ya watu wanaoilima ardhi hiyo.